Chakula cha Shoti

Tulipomaliza matanga ya mjomba Shija, wanawe walifungua sanduku lake la vifaa pale barazani kwake Buswelu, wakagawana spana, koleo na bisibisi. Mimi ni mtoto wa dada yake tu, kwa hiyo sikutarajia kitu. Lakini yule mkubwa wao alinitazama, akachakura chini kabisa ya sanduku, akatoa balbu ndogo ya gari iliyolehemewa nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, kila mmoja ukiishia kwenye kibanio chenye meno.

"Hii chukua wewe, Kabula," akasema. "Mzee alikuwa anasema hii ni yako."

Nilitia balbu ile kwenye mkoba, na njia nzima mpaka nyumbani mkono wangu ulikuwa humo humo unaipapasa. Ilikuwa inanuka grisi na mpira uliozeeka. Nina watoto wawili sasa, nina gari langu, na nina umri ambao baba yangu alikuwa nao wakati ule, lakini harufu ile ilinirudisha nyumbani kwetu Mkolani, nikiwa darasa la kwanza, nimechuchumaa kando ya mlango wa gari, nasubiri kumwona mnyama.

Wa rika langu mnayakumbuka magari ya miaka ile, yale yaliyokwisha kupita kwa wenyewe wanne watano kabla hayajatufikia sisi. Letu lilikuwa stesheni wagoni ya rangi ya maziwa yaliyolala, lenye viti vya ngozi ya bandia vilivyotuunguza mapaja mchana. Baba alilinunua kwa mwalimu mwenzake aliyehamishwa. Tulilipaki ubavuni mwa nyumba, chini ya yale mawe makubwa yaliyobebana nyuma yetu kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani.

Baba alikuwa anafundisha fizikia sekondari. Alikuwa Mkerewe, mpole, mtu wa maneno machache, ila maneno yake machache yote yalikuwa yamenyooka kama mistari ya ubaoni. Alipenda sana kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Sukari ikipungua, ushahidi uko wapi kwamba ni Deo. Deo ni mdogo wangu, wakati huo ana miaka mitatu, na ushahidi mara nyingi ulikuwa mashavuni mwake. Mama alikuwa Msukuma wa Kayenze, ziwani, na mjomba Shija alikuwa mdogo wake wa kumfuata. Mjomba aliishia darasa la saba, akajifunza kazi kwenye karakana ya mzee mmoja wa Kihindi mjini, kisha akafungua banda lake la mabati Buswelu, fundi umeme wa magari. Baba na mjomba waliheshimiana, lakini heshima yao ilikuwa kama kokoto ndani ya kiatu. Unatembea, unasalimia watu, na bado unaisikia. Baba alikuwa anamwita "fundi" mara nyingi kuliko "shemeji."

Mambo yalianza na taa za nyuma. Zilizimika zote mbili. Baba akafungua kile kiboksi cha fyuzi kilichojificha chini ya usukani, akatoa fyuzi moja nyekundu, akaiinua kwenye mwanga. Alituonyesha Deo na mimi kale kawaya ka ndani kalivyokatika, akatueleza kwamba fyuzi ni sehemu dhaifu iliyowekwa makusudi, iungue yenyewe ili vingine vipone. Alieleza vizuri, nadhani alieleza hivyo hivyo kila mwaka kwa kidato cha pili. Akaweka mpya. Ilikaa mpaka alipofunga mlango wa nyuma wa gari, ikaungua. Akaweka nyingine, nayo ikaungua. Akaingia ndani, akarudi na kitabu, akakaa nacho kwenye kiti cha dereva miguu ikiwa nje. Jua likamkuta hapo, likamwacha hapo.

"Baba Kabula," mama akasema kutoka dirishani, "si tumwite Shija?"

Baba alifunua ukurasa mwingine. Halafu akasema, "Mwite."

Mjomba alikuja Jumamosi. Mtu mfupi, mnene wa mikono, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Aliinama chini ya usukani, akakaa kidogo, akainuka, akatoa hukumu iliyobadilisha maisha yangu ya mwaka ule.

"Mwalimu, gari yako inakula fyuzi. Kuna shoti humu ndani. Imejificha mahali, lakini nitaitafuta mpaka niipate."

Mtu mzima alisikia kwamba kuna nyaya zinagusana mahali zisipopaswa. Mimi nilisikia kwamba ndani ya gari letu kuna kiumbe. Kinaitwa Shoti. Kimejificha, na kinakula fyuzi.

Nilichuchumaa kando ya mlango, nikasubiri. Mjomba akatoa balbu yake yenye nyaya mbili, akaibana pale ilipotakiwa kukaa fyuzi. Balbu ikawaka kali.

"Unaiona?" akaniuliza. "Ikiwaka hivi, ujue shoti ipo. Ikizima, ujue imeachia."

Niliamini ninatazama jicho lake. Mjomba alizunguka nyuma, akawa anavuta na kutikisa nyaya, polepole, huku akiniagiza nimwambie balbu inafanyaje. "Inawaka, mjomba." "Inawaka." "Bado inawaka." Alipofika kwenye bawaba ya mlango wa nyuma na kuushika waya mmoja uliosagwa na chuma mpaka shaba ikaonekana, jicho likafumba. "Imezima!" nikapiga kelele. Mjomba akacheka, akauviringisha waya ule kwa utepe mweusi, akaupitisha njia nyingine. Taa za nyuma zikawaka. Baba alizitazama, akakipeleka kitabu ndani.

Kabla hajaondoka, mjomba alinionyesha fyuzi zote rangi zake. Nyekundu, bluu, manjano, kijani, zimepangwa kama peremende. Bluu, akaniambia, ndiyo ya redio na ya lile tundu la kiwashio cha sigara, na mwenye gari wa kwanza aliunganisha na honi hapo hapo. Kiwashio chenyewe hakikuwepo, kilipotea kabla gari halijawa letu, likabaki tundu la mviringo, jeusi, katikati ya dashibodi. Kisha akachakura sanduku, akanipa nati moja nene inayong'aa. "Pete yako, fundi mwenzangu." Haikuenea kidole chochote, ila niliipenda.

Siku zile nilikuwa na huruma isiyo na mpango. Nililala nikimfikiria Shoti. Mjomba alikuwa amemfungia njia yake kwa utepe mweusi, na hakuna aliyeuliza sasa atakula nini. Nikatafuta mahali anapoweza kuwa, na hapakuwa na mahali pengine ila lile tundu. Lilikuwa tundu la mnyama kabisa. Mchana baba akiwa amelala na gari halijafungwa, niliingia nikampelekea karanga mbili. Kesho yake kichwa cha dagaa. Kisha kipande cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Baba alianza kulalamika kwamba gari linanuka samaki, akamwomba mama asipakie tena vikapu vya soko kiti cha mbele. Mama alishangaa, kwa sababu hakuwahi kupakia.

Lakini nilijua karanga si chakula cha Shoti. Aliyezoea fyuzi anataka kitu chenye chuma. Nilikaa na nati yangu siku nzima shuleni, naizungusha kwenye kidole gumba, ninaiaga. Mchana wa siku hiyo nikaisukuma ndani ya tundu kwa kijiti cha ufagio mpaka ikasema *tik* huko ndani. Niliona fahari. Sikumwambia mtu.

Jumapili baba alipotaka kumpigia honi mbuzi aliyesimama barabarani, honi ilinyamaza. Redio nayo ilikuwa imenyamaza. Fyuzi ya bluu imeungua.

Mjomba akaitwa. Akabana balbu yake, balbu haikuwaka. Akatikisa nyaya za honi, za redio, akalala chali chini ya dashibodi, balbu haikuwaka. Akaweka bluu mpya, honi ikalia. Siku mbili gari lilikuwa zima, siku ya tatu kwenye makorongo ya njia ya shuleni ikaungua tena. Sasa ninajua kwa nini. Nati ilikuwa imelegea humo ndani, gari likitulia inatulia, gari likiruka inaruka na kugusa pande mbili kwa pamoja. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba Shoti anakula, na nilifurahi kwamba amepona.

Mara ya tatu mjomba alipokuja, baba alikuwa anamsubiri amesimama.

"Fundi, hii ni mara ya tatu."

"Naona, Mwalimu. Ngoja niitafute tena."

"Au niseme ninavyoona mimi? Ninyi mafundi mnatengeneza hapa, mnaacha pale, ili mtu arudi."

Mjomba alikuwa ameshapiga goti kufungua sanduku. Alibaki hivyo hivyo kwa goti moja. "Mwalimu, mimi nile kwa dada yangu, halafu nimwibie dada yangu?"

"Sijasema umeiba. Nauliza ushahidi uko wapi kwamba umetengeneza."

Mjomba alifunga sanduku. Wakati huo mama alikuwa anatoka jikoni na sinia la ugali na samaki wa sato, maji ya kunawa yako kwenye mkono mwingine. Alisimama mlangoni. Mjomba alimtazama, akasema kwa upole, "Dada, nimeshiba," akatoka. Mtu aliyetoka Buswelu hadi Mkolani tangu asubuhi, hajala kitu, akasema ameshiba. Mama alirudisha sinia jikoni. Hakugombana na baba. Alimpakulia chakula chake kama kawaida, akamwekea, akaenda kula na sisi upande wa pili wa nyumba, na ikawa hivyo kwa majuma mengi.

Mjomba hakuja tena Jumamosi. Sikuelewa kabisa. Nilimwuliza mama kama mjomba amesafiri, akasema, "Ana kazi." Baba naye akaendelea kubadilisha bluu, moja baada ya nyingine, kimya kimya, kama mtu anayekunywa dawa asiyoamini.

Ndipo ikafika siku ya kumfuata bibi. Bibi yetu wa Kayenze alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anatambua watu kwa sauti na kwa hatua zao, na hatimaye alikuwa amepata siku ya kupasuliwa hospitali mjini. Tulitakiwa tumchukue mapema, tumfikishe kabla ya adhuhuri. Asubuhi hiyo baba akajaribu honi, kimya. Akafungua kile kikopo alichokuwa anawekea fyuzi, hakukuwa na bluu hata moja, na maduka yalikuwa hayajafunguliwa.

Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma tayari, nimevaa gauni la kanisani. Nilimwona akichukua kipande cha waya wa pasi ya zamani, akaumenya, akachomoa uzi mmoja wa shaba, akaukunja mara mbili, akaubana mahali pa fyuzi ya bluu. Kisha akainua kichwa, akaangalia kushoto na kulia, na macho yetu yakakutana kwenye kioo.

"Ni kwa leo tu," akasema. "Usimwambie mama."

Nikaitika kwa kichwa. Honi ililia kwa nguvu kuliko siku zote.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Bibi tulimkuta ameshakaa kwenye kigoda nje ya nyumba, amejifunga kitenge kipya, fimbo mapajani. Baba alimsalimia kwa mbali na kwa kuinamisha kichwa, kama ilivyompasa mkwe, ingawa bibi hakuweza kuona kichwa kimeinama. Tukamweka nyuma, mimi kushoto kwake, Deo analala mapajani mwa mama mbele. Barabara wakati ule ilikuwa ya vumbi na mashimo, ziwa likawa linaonekana na kupotea kati ya mawe. Bibi alinishika mkono, akawa ananiuliza tumefika wapi, na mimi namwambia ninachokiona.

Tulikuwa tumeipita Igombe kidogo aliposema, "Nasikia halufu."

"Ni mkaa wa watu, mama," baba akasema bila kugeuka.

"Mkaa naujua. Hii si halufu ya mkaa. Ni kama ndala inaungua."

Gari likaingia shimo, likatoka. Halafu nikaona uzi wa moshi, mwembamba, unatoka kwenye tundu la Shoti na kupinda kuelekea dirishani. Nikabaki naukodolea macho. Uzi ukawa kamba, kamba ikawa wingu la kijivu chini ya dashibodi, na mama akapiga kelele jina la baba, jina lake la ubatizo, ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka.

Baba alisimamisha gari, akazima. Moshi haukukoma. "Tokeni!" akasema. Mama alishuka na Deo, akamlaza kwenye majani, akarudi mbio kwa bibi. Mlango wa upande wa bibi ulikuwa na tabia ya kugoma, na siku hiyo ukagoma. Bibi hakupiga kelele. Alikuwa anapapasa kitasa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ananisukuma mimi nitoke upande wangu. "Tangulia, mjukuu wangu. Tangulia." Nilitoka, mama akaingia kwa mlango wangu, akamvuta bibi kwenye kiti chote, kitenge kipya kikachanika. Baba alikuwa amefungua boneti. Hakuwa na spana. Alishika kichwa cha betri kwa mikono mitupu, akakizungusha na kukinyonga mpaka kikachomoka, damu ikimtoka kwenye vidole. Ndipo moshi ukaanza kupungua, taratibu, kama mtu aliyeshawishiwa.

Tulikaa kando ya barabara juu ya jiwe. Hakuna aliyeumia zaidi ya vidole vya baba. Mama alitoa simu yake, ile ndogo yenye taa ya kijani, akapiga bila kumwangalia mumewe.

"Shija, uko wapi? Niko na mayu hapa mbele ya Igombe. Gari ilitaka kuungua." Akasikiliza. "Ndiyo, sote wazima. Njoo."

Mjomba alifika kwa pikipiki ya kuazima, nusu saa haijaisha, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira. Alikwenda kwanza kwa bibi, mama yake, akapiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Bibi alimpapasa uso wote. Kisha akamsalimia dada yake. Kisha akasimama mbele ya baba.

"Poleni, shemeji."

"Tumeshapoa," baba akasema, akaficha mkono wenye damu nyuma.

"Shikamoo, mjomba," nikasema, kisha nikaanza kulia. Tangu moshi uanze sikuwa nimelia. Nilikuwa nangoja mtu anayemjua Shoti.

"Marahaba. Unalia nini, fundi mwenzangu? Moshi umekwisha."

"Shoti ameungua."

"Nani?"

"Shoti. Alikuwa humo. Nilikuwa nampa chakula."

Mama alifungua mdomo, mjomba akamwinulia kidole asiseme. Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu. "Ulikuwa unampa chakula gani?"

"Karanga. Na dagaa." "Na nati. Ile uliyonipa."

"Ulimpitishia wapi?"

Nikamwonyesha.

Alichukua koleo yenye mdomo mrefu na tochi, akaingia kichwa ndani ya gari, akachungulia kwenye tundu. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa karanga iliyoungua kama punje ya kahawa. Kisha kichwa cha dagaa, kikavu. Kisha nati yangu, imebadilika rangi, bluu na zambarau kama mafuta juu ya maji. Aliiweka kwenye kiganja, akaitazama kwa muda mrefu, na mimi nikaona watu wazima watatu wote wakiitazama, na nikaelewa, bila mtu kuniambia, kwamba mimi ndiye niliyemfanya mjomba aseme ameshiba.

Mjomba alifungua kiboksi cha fyuzi. "Na huu waya hapa kwenye bluu," akauliza polepole, bila kumtazama mtu, "kaweka nani?"

Niliangalia viatu vyangu vya kanisani. Nilikuwa nimeahidi. Baba angeweza kusema ni yule mwalimu aliyetuuzia, au fundi yeyote wa njiani, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi.

"Mimi," baba akasema.

Alikuja akachuchumaa mbele yangu, suruali yake iliyopigwa pasi ikagusa vumbi. "Kabula, nisikilize. Nati yako ingeunguza fyuzi, basi. Fyuzi kazi yake ndiyo hiyo. Waya niliouweka mimi ndio ulitaka kutuchoma sisi. Na mimi nilijua. Nafundisha." Akainuka. Hakumgeukia mjomba moja kwa moja. Alimgeukia kwanza bibi, mkwe wake aliyekuwa kipofu, akainamisha kichwa kama asubuhi. "Mama, mwanao nilimsema vibaya mbele ya dada yake. Nasema mbele yako, nilikosea. Shemeji, nisamehe."

Bibi alikuwa anachezesha fimbo yake kwenye mchanga. "Shija, umesikia," akasema.

"Nimesikia, mayu." Mjomba alijikuna shingo. "Na mimi sikuchungulia kwenye tundu. Nilikuja, nikahangaika na nyaya, tundu liko wazi mbele yangu. Fundi gani huyo hachungulii?" Akamkabidhi baba mwisho wa waya ulioyeyuka. "Nishikie hapa, shemeji. Vuta kidogo. Hapo hapo."

Walifanya kazi wawili, vichwa vimegusana chini ya dashibodi. Mjomba alikata waya wote wa lile tundu, akaufunga miisho, akawekea honi njia mpya. Mwishoni aliniita, akanipa fyuzi mpya ya bluu, niisukume mwenyewe kwa kidole. Hospitali tulifika tumechelewa, muuguzi akatuambia turudi kesho yake, na kesho yake bibi akapasuliwa. Siku alipofunguliwa bandeji alimtazama baba kwa muda, akamwambia mama kwa Kisukuma kwamba kumbe mkwe wake ana mvi.

Lakini nataka kumalizia na jioni ya siku ile ya moshi, nyumbani, bibi amelazwa kitandani kwangu. Mjomba alikula. Alikula mpaka mama akaongeza. Kisha akaniita uani kunieleza shoti ni nini, kwa sababu aliona nahitaji.

"Umeme ni kama ng'ombe wanaorudi zizini," akasema. "Wana njia yao. Ila ua wa shamba ukitoboka, wanakatiza hapo, wote kwa pamoja, wanavuruga mahindi ya watu. Ule mwanya kwenye ua ndio shoti."

"Kwa hiyo si mnyama?"

"Si mnyama."

"Hana tumbo?"

"Hana, fundi mwenzangu. Hakuna kitu mle."

Aliondoka na pikipiki yake. Mimi nikaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, jua linaingia nyuma ya mawe, nikalia kilio kingine, tofauti na cha asubuhi. Mtu anaposikia kwamba aliyekufa hakuwahi kuwepo, analia vipi? Hata leo sijui jina la huzuni ile. Nilikuwa nimemfikiria usiku mwingi.

Baba alikuja akakaa karibu yangu, vidole vyake vimefungwa kitambaa. Nilidhani atanieleza tena habari za fyuzi. Alikaa tu mpaka mawe yakabadilika rangi.

"Kwetu Ukerewe," akasema, "kuna kilima cha mawe. Ukiita, kinaitika. Mimi nilidhani ni mtoto aliyesahauliwa huko na wazazi wake. Kwa sababu kila nikimwuliza 'Uko wapi?' na yeye ananiuliza niko wapi. Nikaanza kumpelekea viazi."

Niliacha kulia. "Akala?"

"Kila nikirudi, viazi havipo."

"Halafu?"

"Halafu nikapelekwa shule ya bweni, huku bara." Alikuwa anazungusha kile kitambaa kwenye vidole. "Sikumuaga. Huwa naona vibaya, mpaka leo."

Alisema hivyo bila kucheka, mwalimu wa fizikia. Nikasogea, nikamwegemea, tukakaa hivyo mpaka mama alipotuita ndani.